Injini ya Ala: Ukimya wa Knight na Moshi Wake

Charles Yale Knight hakuwa mhandisi. Alikuwa mchapishaji wa gazeti la wakulima katika jiji la Chicago, Marekani, gazeti lililoshughulika na habari za maziwa na siagi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijipatia gari aina ya Knox ili limrahisishie safari zake za kutafuta habari mashambani. Gari lilimfikisha alikokusudia, lakini lilimkera masikio. Kila valvu ya injini ilipofunga ilitoa mlio, na milio hiyo ilifuatana pasipo kituo tangu injini ilipowashwa hadi ilipozimwa. Wenye magari wengi wa siku zile waliuhesabu mlio huo kuwa ni tabia ya gari, kama mwenye punda anavyoukubali mlio wa punda wake. Knight hakuukubali. Alitaka kujua kwa nini injini ipigepige hivyo, na kama hapana njia nyingine ya kuingiza mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda na kuutoa moshi.

Jibu alilolipata liliingia katika magari ya kifahari ya Ulaya, likaingia vitani, na baada ya miaka 30 na ushei likatoweka barabarani. Kwa mwanafunzi wa fizikia, namna injini hiyo ilivyofanya kazi na namna ilivyoshindwa vina thamani sawa, kwa kuwa yote mawili yanatokana na umbo lile lile moja.

Mlio unatoka wapi

Msomaji atakumbuka kwamba injini ya kawaida ya petroli hufanya kazi kwa mapigo manne ya pistoni. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kufyonza mchanganyiko wa petroli na hewa. Katika la pili hupanda na kuushindilia. Katika la tatu mchanganyiko huwashwa kwa cheche ya plagi, na gesi zenye joto kali huisukuma pistoni chini. Katika la nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Mapigo hayo manne huchukua mizunguko miwili ya shafti kuu, ile ambayo mafundi huiita krenki. Kwa hiyo mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea hapana budi ifunguke mara moja tu katika kila mizunguko miwili, kila mmoja kwa wakati wake.

Katika injini nyingi milango hiyo ni valvu zenye umbo la uyoga: bua jembamba lenye kichwa bapa, ambacho hukaa juu ya kiti chake kama kifuniko juu ya chungu. Nundu ya kamshafti huisukuma valvu ifunguke, na springi huirudisha. Valvu hairudi polepole. Hurushwa na springi ikagonga kiti chake, chuma kwa chuma. Chukua mfano wa injini ya silinda nne, yenye valvu mbili kwa kila silinda, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Kila valvu hufunga mara 750 kwa dakika, na kwa kuwa valvu ni nane, jumla ni mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde moja. Juu ya hayo kuna nafasi ndogo iliyoachwa kati ya bua la valvu na kisukumio chake. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu bua hurefuka linapopata joto, lakini kila inapozibwa nayo hutoa mlio wake.

Mlio ulikuwa kero, lakini palikuwa na jambo zito zaidi. Valvu ya kutolea moshi hukaa katikati ya gesi zenye joto la kukifanya chuma kiwe chekundu. Vyuma vya siku zile havikulihimili joto hilo kwa muda mrefu. Vichwa vya valvu vilipinda na kuungua kingo, springi zikachoka na kuvunjika, na mwenye gari hakuwa na budi kuzisaga valvu zake upya mara kwa mara, kama mkulima anavyolinoa panga.

Ala mbili ndani ya silinda

Knight alianza kwa jaribio la ajabu: kuifanya silinda nzima ipande na kushuka, ili yenyewe ifungue na kuyafunga matundu. Wazo hilo alilipatia hataza, kisha akaliacha. Mwaka 1903, kwa msaada wa fedha za mfanyabiashara wa Chicago aitwaye L. B. Kilbourne, injini ya majaribio ilijengwa katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois. Mpango uliokomaa kutokana na majaribio hayo uliiacha silinda itulie. Ndani yake, baina ya ukuta wa silinda na pistoni, yaliwekwa mabomba mawili membamba ya chuma, moja ndani ya jingine. Mabomba hayo yanaweza kuitwa ala, kwa kuwa pistoni hukaa ndani yake kama kisu, ingawa ala hizi ziko wazi pande zote mbili.

Kila ala ilikatwa mianya karibu na ncha yake ya juu, mmoja upande wa kabureta na mwingine upande wa bomba la moshi. Ukuta wa silinda nao ulikuwa na matundu yake katika pande hizo hizo. Gesi iliweza kupita pale tu ambapo mwanya wa ala ya ndani, mwanya wa ala ya nje na tundu la silinda vilikutana. Kimoja kikipanda au kushuka kuliko vingine, njia ilizibwa.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa karatasi ya manila. Zitengenezwe neli tatu zinazoingiana bila kubana, kila neli ikatwe dirisha moja kwa kimo kile kile, kisha wanafunzi wawili wazipandishe na kuzishusha neli mbili za ndani kwa mwendo ulio sawa lakini usioanza pamoja, mmoja akichelewa kidogo nyuma ya mwenziwe. Atakayechungulia dirishani ataona njia inafunguka kwa kitambo kifupi tu, kisha inazibwa kwa muda mrefu.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini ala mbili? Je, moja inayopanda na kushuka haitoshi? Haitoshi, na sababu yake inafaa kufikiriwa kwa makini. Mwanya wa ala moja ukipita mbele ya tundu wakati wa kushuka, hapana budi upite tena hapo hapo wakati wa kupanda. Mara ya kwanza utaingiza mchanganyiko kwa wakati wake. Mara ya pili utaifungua njia wakati ambapo mlango unatakiwa uwe umefungwa, na gesi zitatoroka pamoja na nguvu zake. Ala ya pili ipo ili kuiziba njia hiyo ya marudio. Ala moja huanzisha kufunguka, na nyingine hukatiza. Wakati wa kushindilia na wa kuwaka, mianya ya ala ya ndani huwa imepandishwa juu, ikajificha nyuma ya ringi pana iliyomo katika kichwa cha silinda, ambacho huingia ndani ya ala kama kizibo ndani ya mdomo wa chupa. Kwa njia hiyo mianya haionani na ndimi za moto.

Kilichoziendesha ala ni shafti ndogo ya pembeni, iliyounganishwa na krenki kwa mnyororo na kuzunguka kwa nusu ya mwendo wake. Shafti hiyo ilizishika ala kwa konrodi fupi, kama vile krenki inavyoishika pistoni. Uzuri wa mpango huu huonekana katika hesabu ndogo. Chukua injini ambayo pistoni yake husafiri milimita 130 katika kila pigo, na ala zake milimita 25, vipimo ambavyo si mbali na vile vya injini halisi za aina hii. Krenki ikizunguka mara mbili, pistoni husafiri mara nne, yaani milimita 520. Katika muda huo ala hushuka mara moja na kupanda mara moja, yaani milimita 50. Mwendo wa ala, basi, ni takriban sehemu moja ya kumi ya mwendo wa pistoni. Hapana springi, hapana kinachorushwa, hapana chuma kinachogonga chuma. Kila kitu huteleza.

Faida haikuwa ukimya peke yake. Kwa kuwa hapakuwa na kichwa cha valvu chenye wekundu wa moto ndani ya chumba cha kuwakia, mchanganyiko haukuelekea kujiwasha wenyewe kabla ya wakati. Chumba chenyewe kilikuwa na umbo la kuba, plagi ikiwa juu, hivyo moto ulienea vizuri. Hata masizi, ambayo ni adui wa valvu ya uyoga, yalisemekana kusaidia kuziba mapengo madogo kati ya ala, na watengenezaji hawakuchelewa kujigamba kwamba injini yao ilizidi kuwa nzuri kwa kutumika. Majigambo ya matangazo yapokewe kwa tahadhari, lakini hili halikukosa ukweli.

Jaribio la mwaka 1909

Katika maonyesho ya magari ya Chicago ya mwaka 1906, Knight na Kilbourne walileta gari kamili waliloliita Silent Knight, yaani Knight Mkimya. Lilikuwa na injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 40, na bei yake ilikuwa dola 3,500. Kufikia hapo majaribio yalikuwa yamekwisha kula yapata dola 150,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Hata hivyo watengenezaji wa Marekani hawakulichangamkia. Knight akavuka bahari kwenda Uingereza, na huko kampuni ya Daimler ya Coventry ikakubali. Mwaka 1908 Daimler ilitangaza injini hiyo, na haikuchukua muda ikaziacha kabisa valvu za uyoga.

Wengi walidhani Daimler imepotea. Ala nyembamba, walisema, zitakwama kwa joto, au zitalika upesi. Kampuni ikaomba klabu ya kifalme ya magari ya Uingereza izipime injini mbili hadharani. Mwaka 1909 kila moja iliendeshwa kwa nguvu kubwa juu ya meza ya majaribio kwa zaidi ya saa 130, yaani zaidi ya siku tano, usiku na mchana. Kisha zilifungwa katika magari na kuendeshwa maili zipatazo 2,000 katika uwanja wa mashindano wa Brooklands, halafu zikarudishwa mezani na kupimwa tena. Zilipofunguliwa, hapakuonekana ulikaji wa kutajika. Daimler ikatunukiwa tuzo ya Dewar ya mwaka huo.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Minerva ya Ubelgiji, Panhard et Levassor ya Ufaransa na Mercedes ya Ujerumani zilinunua kibali cha Knight. Huko kwao Marekani, Stearns ilianza kuitumia mwaka 1911, na gari la Willys-Knight, lililokusudiwa watu wa kipato cha kati, liliundwa hadi mwaka 1933. Gabriel Voisin, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa urukaji katika Ufaransa kabla hajageukia magari, aliishikilia injini hii hadi miaka ya mwisho ya 1930. Magari ya mfalme wa Uingereza yalikuwa ya Daimler, na hayakusikika yakisimama wala yakiondoka.

Oili

Pistoni ya kawaida hutelezea uso mmoja, nao ni ukuta wa silinda. Katika injini ya Knight pistoni ilitelezea ala ya ndani, ala ya ndani ikatelezea ala ya nje, na ala ya nje ikatelezea silinda. Pawe na nyuso tatu za kuteleza, na kila moja idai utando wake wa oili. Asubuhi ya baridi katika nchi za kaskazini, oili iliyoganda kati ya nyuso hizo pana ilizishika ala kama gundi, na kuipiga injini hendeli likawa jambo la kutoa jasho. Joto la pistoni nalo, ili lifike kwenye maji ya kupoza, lilipaswa kuvuka ala mbili na tando tatu za oili.

Baya zaidi lilikuwa jingine. Injini inapozunguka polepole bila mzigo, kilango cha kabureta huwa karibu kimefungwa, na kanieneo ndani ya silinda wakati wa kufyonza hushuka chini sana ya kanieneo ya hewa ya nje. Katika hali hiyo silinda hufyonza chochote inachoweza kukifikia, na kilichokuwa karibu ni oili iliyotanda kati ya ala, ikivutwa kupitia mianya. Dereva alipokanyaga mafuta, oili hiyo iliyokusanyika iliungua mara moja na kutoka nyuma kama wingu la buluu. Mbele ya jumba la kifalme wingu hilo lilikuwa aibu ndogo. Mahali pengine lilikuwa hatari ya kifo.

Tarehe 15 Septemba 1916, katika vita vya Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipeleka vifaru vitani kwa mara ya kwanza katika historia. Kifaru hicho cha Mark I kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 28, na kilichokisukuma kilikuwa injini ya Daimler ya silinda sita, yenye ala za Knight na nguvu za farasi 105. Ilichaguliwa kwa sababu ilikuwapo tayari na ilikuwa imezoeleka katika matrekta mazito. Watu wanane walikaa pamoja na injini hiyo ndani ya sanduku moja la chuma, pasipo ukuta wa kuwatenga nayo.

Kifaru kiliposubiri amri, injini ikiunguruma polepole, oili ilijikusanya. Kilipoondoka, moshi ulipaa juu ya mahali kilipojificha, na mpiga mizinga wa adui hakuhitaji ishara nyingine. Pia kifaru kilipanda na kushuka kingo za mahandaki kwa mwinamo ambao hakuna gari la mjini lililowahi kukutana nao, na oili ikakimbilia upande mmoja wa injini ikiziacha sehemu nyingine zikavu. Si haki kumlaumu Knight kwa jambo hili, kwa kuwa aliijenga injini yake kwa ajili ya barabara na masikio ya waungwana.

Mhandisi kijana, Harry Ricardo, alipewa kazi ya kubuni injini mpya ya vifaru, na miongoni mwa masharti yake lilikuwa kutotoa moshi unaoonekana. Alirudi kwenye valvu za uyoga. Injini yake ya nguvu za farasi 150 iliingia katika vifaru vya Mark V, vilivyopigana mwaka 1918.

Adui aliyepona

Katika miaka ya 1920 na 1930 maradhi ya valvu ya uyoga yalitibika, moja baada ya jingine. Mahitaji ya injini za ndege yalileta vyuma vipya vya aloi vilivyohimili joto. Valvu za kutolea moshi za injini hizo zilitobolewa bua na kutiwa sodiamu, ambayo huyeyuka na, kwa kurukaruka ndani ya bua, huhamisha joto kutoka kichwani. Mlio ulipunguzwa kwa kuvifunika visukumio na kuviogesha kwa oili, na mwaka 1930 Cadillac ilitoa injini ya silinda 16 ambayo visukumio vyake vilijazwa oili yenye kanieneo, hata nafasi ile ndogo yenye kelele ikatoweka. Tangu mwaka 1923 petroli nayo ilianza kutiwa kampaundi ya risasi ili isijiwashe kabla ya wakati, na hivyo ikaimeza faida nyingine ya Knight. (Sumu hiyo ilidumu katika petroli za magari mpaka mwaka 2021, nchi ya mwisho duniani ilipoiacha.) Wakati huo huo injini zilizidi kuzunguka kwa kasi, na ala mbili pana zilikuwa mzigo mzito wa kusukumwa huku na huko.

Oili ya Knight haikuwa na tiba ya namna hiyo. Chuma bora, springi bora au petroli bora havingeweza kuuondoa utando ulio kati ya ala mbili, kwa kuwa bila utando huo ala zisingeteleza.

Palikuwa na njia moja tu, nayo ni kuiondoa ala moja. Mwaka 1909 Peter Burt wa Scotland na James McCollum wa Kanada, kila mmoja kwa upande wake, waliomba hataza za ala moja inayopanda na kushuka huku ikijisokota kushoto na kulia. Nukta iliyowekwa juu ya ala ya namna hiyo huchora umbo la yai. Mwanya hushuka kwa njia moja na kupanda kwa njia nyingine, haupiti tena pale ulipopita, na lile swali la kwa nini ala ziwe mbili huwa limepata jibu jingine. Mwanafunzi aliyekwisha tengeneza neli za manila aondoe moja, kisha aujaribu mwendo huu kwa mkono wake.

Ricardo, yule yule aliyeziondoa ala katika vifaru, aliifanyia ala hii majaribio mengi katika miaka ya 1920 na akawa mtetezi wake. Roy Fedden wa kampuni ya Bristol aliipeleka katika ndege, akianza na injini ya Perseus mwaka 1932. Ilimchukua miaka kupata njia ya kuunda ala zilizo duara kamili kwa maelfu, badala ya kila moja kusawazishwa kwa mkono na fundi. Injini yake ya Hercules, yenye silinda 14, iliundwa zaidi ya 57,000.

Baadhi yake zilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1950 shirika la ndege la Uingereza, BOAC, lilianza kutumia ndege za Handley Page Hermes katika safari zake za Afrika, pamoja na zile za Kenya. Kila Hermes ilikuwa na injini nne za Hercules, hivyo abiria aliyeshuka Nairobi alikuwa ameletwa na ala 56 zilizopanda, zikashuka na kujisokota njia nzima. Mngurumo wa propela ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kama injini hizo zingekuwa na valvu za kugonga, asingezisikia.